Uzi: Kupandisha vipindi vya TV ulivyorekodi kwenye wingu ukiwa Lubumbashi (hesabu, amri, na mahali panapoharibika)

Fundi_Kamalondo – #1

Jambo wote. Swali la kutunza vipindi vya televisheni mtandaoni linarudi kila mara, na jibu huwa lilelile: "fungua Google Drive, weka faili, kwisha." Hapa Lubumbashi haiendi hivyo. Umeme unakatika katikati ya kazi, na kupakia ni polepole sana kuliko kupakua. Naweka njia nzima hapa, toka dekoda mpaka wingu. Wenye kujua zaidi warekebishe.

Anza na hesabu kabla ya kugusa mashini (kompyuta). Shika namba moja tu: 0.45. Kila megabiti 1 kwa sekunde (Mb/s 1) ni GB 0.45 kwa saa. Chaneli ya kawaida (SD) inayorushwa kwa Mb/s 4 inakula GB 1.8 kwa saa. HD ya Mb/s 8 inakula GB 3.6 kwa saa. Mechi nzima ya Mazembe pamoja na mapumziko, dakika 110 za HD, ni GB 6.6.

Namba hiyohiyo inapima njia ya kwenda juu. Ukipakia kwa Mb/s 2 halisi, unapandisha GB 0.9 kwa saa, na ile mechi itachukua saa 7 na dakika 20. Kwa hiyo gawa kasi ya kipindi kwa kasi ya kupakia: 8 kwa 2 ni 4, maana yake kila saa moja ya picha inadai saa nne za kupakia. Anayerekodi saa 7 kwa siku kwa hali hiyo anahitaji saa 28 za kupakia kila siku. Hatamaliza kamwe, diski itajaa, na hata programu nzuri namna gani haitamwokoa.

Usiamini kipimo cha kasi cha sekunde 10. Chukua faili ya MB 200, ipakie saa 19:00, kisha uipakie tena saa 01:00, usiku wa manane, na uandike dakika. MB 200 zikichukua dakika 15, una karibu Mb/s 1.8. Namba ya usiku ndiyo ya kupangia kazi.

Sasa kurekodi. Dekoda nyingi za chaneli za bure, za antena (DVB-T2) na za parabole (dishi), zinaandika faili ya .ts kwenye flash au diski ya USB. Ziache ziandike .ts, usitafute namna ya kurekodi moja kwa moja kwenye .mp4. TS imekatwa vipakiti vya baiti 188, kila kimoja kinaanza na alama yake, kwa hiyo SNEL (kampuni ya umeme) wakikata saa 20:47 bado una picha yote mpaka saa 20:47. MP4 inaandika orodha yake ya ndani mwishoni, faili inapofungwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, una GB 2 ambazo hakuna programu ya kawaida inayozifungua.

Diski ikiwa FAT32, dekoda itakata faili kila inapofika GB 4, kwa sababu FAT32 haibebi faili kubwa kuliko hapo. Kama dekoda inakubali exFAT au NTFS, fomati hivyo. Kama haikubali, acha ikate, halafu unganisha kwenye Windows:

`copy /b kip_000.ts+kip_001.ts kipindi.ts`

Kwenye Linux ni `cat kip_000.ts kip_001.ts > kipindi.ts`. Vipande vya TS vinaunganika bila kupoteza kitu.

Na onyo kubwa: televisheni inayojirekodia yenyewe kwenye flash mara nyingi inafunga faili kwa ufunguo uliomo ndani ya TV hiyo. Samsung wanatoa .srf, LG wanatoa .str. Dekoda za kulipia ni vilevile. Faili ya namna hiyo ukiipandisha kwenye wingu umepandisha jiwe: TV ikifa au ikibadilishwa kadi kuu, hakuna wa kuifungua. Kabla ya kujenga mpango wowote, rekodi dakika 2, chomeka flash kwenye mashini, fungua na programu ya VLC. Ikicheza, endelea. Isipocheza, badilisha kifaa cha kurekodia.

---

Kasapa_TS – #2

Maelezo mazuri, mukubwa. Naongeza jambo la saa, kwa sababu linaharibu rekodi nyingi hapa kuliko kitu kingine.

Lubumbashi iko UTC+2, Kinshasa iko UTC+1. Kipindi kinachotangazwa kuwa cha saa 20:00 ya Kinshasa kinaanza saa 21:00 kwetu. Dekoda ikitoka dukani imewekwa "RDC" inaweza kuchukua saa ya Kinshasa. Weka GMT+2 kwa mkono.

Kwa chaneli zinazofuata saa ya Paris, jihadharini mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3 mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10, Paris na Lubumbashi zina saa ileile. Baada ya hapo Paris inarudi nyuma, na cha saa 20:00 kule kinafika hapa saa 21:00. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo taima ya kila wiki uliyoiweka mwezi wa 7 itarekodi kipindi kingine kabisa mwezi wa 11.

Tatizo la tatu: dekoda ndogo hazina batri ya saa. Umeme ukirudi, dekoda inajiona iko tarehe 1 mwezi wa 1, 1970 au 2000, mpaka ipate ishara ya saa toka kwa chaneli. Antena ikiwa haikamati wakati huo, taima inapita kimya. Tafuteni kwenye menyu sehemu ya hali baada ya umeme kurudi, chagueni "hali ya mwisho" au "washa". Ikibaki kwenye "zima" hairekodi kitu.

Ongezeni dakika 5 kabla na 15 baada. Kwa mechi, 40 baada, kwa ajili ya muda wa ziada na penalti.

---

Mama_Rekodi – #3

Aksanti sana. Sasa tuseme ukweli kuhusu kupunguza ukubwa, kwa maana hapo ndipo pesa ya mega (bando la intaneti) inapookolewa. TS ya SD ya Mb/s 4 mara nyingi ni MPEG-2, mfumo wa miaka ya 1990. Ukiigeuza H.264, mfumo mpya zaidi wa kubana picha, inashuka kati ya Mb/s 1 na 1.5 bila jicho la kawaida kuona tofauti. GB 1.8 inakuwa karibu GB 0.55. Usiku mmoja unapandisha vipindi vitatu badala ya kimoja.

Amri ya ffmpeg (programu ya bure ya kugeuza video) ninayoipendekeza kwa habari, midahalo, ibada na tamthilia:

`ffmpeg -fflags +genpts -i kipindi.ts -map 0:v:0 -map 0:a -vf bwdif=mode=send_frame -c:v libx264 -preset slow -crf 21 -c:a aac -b:a 128k kipindi.mkv`

Kile kipande cha bwdif si cha kurukwa. Picha ya SD inarushwa nusu-nusu, mistari isiyo shufwa kwanza, ya shufwa baadaye. Usipoiunganisha kabla ya kubana, kila anayetembea anaota meno ya kitana pembeni, na meno hayo yanakula biti bure.

Kwa mpira badilisha `send_frame` iwe `send_field`. Utapata picha 50 kwa sekunde badala ya 25, na mpira unakimbia laini kama ulivyorushwa. Faili itakuwa kubwa zaidi. Mpira unastahili, mtu aliyeketi mezani anasoma habari hahitaji.

---

Fundi_Kamalondo – #4

Mama, nakubali kwa SD ya MPEG-2. Kwa HD iliyo tayari H.264 sikubali. Kubana mara ya pili kitu kilichobanwa tayari kunapoteza picha, na faida ni ndogo isipokuwa uende H.265, ambayo kwenye mashini ya kawaida ya soko inaweza kuchukua saa nyingi kwa kipindi kimoja. Hesabu na umeme wa batri pia: mashini inayobana inachemka na inakula mara mbili au tatu ya ile iliyotulia.

Kwa HD, badilisha chombo tu (toka .ts kuwa .mkv), usiguse picha:

`ffmpeg -i mechi.ts -map 0:v:0 -map 0:a -c copy mechi.mkv`

Inakwisha kwa dakika chache, kisha kata matangazo na dakika za ziada. Hapo tu unaweza kupunguza robo ya faili.

---

Mama_Rekodi – #5

Ndugu Fundi, tofauti yetu iko kwenye swali la nani atatazama. Kwa kipindi cha kutunza miaka 20, nakufuata: acha kilivyo. Kwa mdahalo wa HD wa Mb/s 8 ambapo watu wanne wameketi kwenye viti, CRF 23 ya H.264 (CRF ni kipimo cha ubora: namba ikiwa ndogo, picha ni bora na faili ni kubwa) inashuka mpaka Mb/s 2 na hakuna kilichopotea cha maana. Kuacha Mb/s 8 pale ni kulipia mega za ukuta wa studio.

Jambo jingine: mvua ikinyesha, parabole inapoteza ishara kwa sekunde kadhaa, na baada ya hapo sauti inaweza kutangulia midomo kwenye faili iliyogeuzwa. TS yenyewe inacheza sawa, lakini ukigeuza, kosa linabaki ndani milele. Ongezeni `-af aresample=async=1` kwenye amri ya kubana. Kwa `-c copy` haifanyi kazi, kwa sababu sauti haifunguliwi. Kwa hiyo rekodi za kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4 zitazameni kwanza, mwanzo, katikati na mwisho, kabla ya kufuta TS.

---

Ruashi_Linux – #6

Nichukue sehemu ya kupakia.

Msipakie kwa kivinjari. Ukurasa ukifungwa au mashini ikizimika, unaanza upya. Tumieni rclone, ni programu ya bure, inakwenda kwenye Windows, Linux na hata Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), na inazungumza na Google Drive, OneDrive, Dropbox, Mega, Backblaze B2, S3 na nyingine nyingi. `rclone config` inakuuliza maswali, unaipa jina (hapa "wingu"), basi.

`rclone copy /media/diski/tayari wingu:TV --min-age 2h --transfers 1 --retries 10 --low-level-retries 20 --bwlimit "06:00,60k 23:00,off" --log-file /home/tv/rclone.log -v`

`--min-age 2h` inaruka faili iliyoguswa ndani ya saa mbili, ili isijaribu kupandisha kipindi ambacho bado kinarekodiwa. Bila hiyo utaona kosa la "source file is being updated". `--transfers 1` ni faili moja kwa wakati. Kawaida yake ni nne, na kwenye mtandao mwembamba nne zote zinatembea kama konokono. Umeme ukikatika, zote nne zimekatwa kati. `--bwlimit` inasoma saa: toka 6:00 asubuhi kilobaiti 60 tu kwa sekunde ili nyumba itumie mtandao, toka 23:00 bila kikomo. Hiyo k ni kilobaiti, siyo kilobiti. 60k ni karibu Mb/s 0.5.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. rclone inavumilia mtandao kukatika dakika chache, inajaribu tena kipande kilichoshindwa. Lakini mashini yenyewe ikizimika, faili iliyokuwa njiani inaanza tena toka sifuri. GB 6.6 iliyofika asilimia 90 inarudi asilimia 0, na mega zimekwenda.

---

Katuba_Net – #7

Mukubwa, si ndiyo sababu kuna "chunker" ndani ya rclone? Unaiwekea vipande vya 100M, inakata yenyewe.

---

Ruashi_Linux – #8

Hapana, ndugu, na ni kosa linalogharimu watu. Chunker inakata kwa ajili ya huduma zinazokataa faili kubwa. Haikumbuki vipande vilivyofika kama kazi haikumalizika. Ukiwasha tena, faili nzima inaanza upya. Kinachosaidia ni kukata faili mwenyewe kwenye diski *kabla* ya kupakia, ili kila kipande kiwe faili kamili mbele ya rclone. Vilivyofika vinarukwa, kinachopotea ni kipande kimoja tu.

Kwa MKV kateni na programu ya mkvmerge:

`mkvmerge -o mechi.mkv --split 200M mechi_nzima.mkv`

Inatoa mechi-001.mkv, mechi-002.mkv na kuendelea, na kila kimoja kinacheza peke yake. Hiyo ndiyo faida juu ya `split` au ZIP: ukitaka kuona bao la dakika ya 80, unashusha kipande kimoja, siyo vyote. Kuunganisha:

`mkvmerge -o nzima.mkv mechi-001.mkv + mechi-002.mkv + mechi-003.mkv`

Kwa nini 200M? Kwa Mb/s 2 kipande kinachukua dakika 13. Ukikatiwa, hasara kubwa kabisa ni hizo dakika 13. Mwenye Mb/s 1 akate 100M, hasara itabaki ileile.

Na tafadhali: `copy`, siyo `sync`. `sync` inafanya wingu lifanane na diski. Siku diski ya USB haikushikika baada ya umeme kurudi, folda inaonekana tupu, na `sync` inaweza kufuta kila kitu kule juu ili vifanane. Drive inaweka vilivyofutwa kwenye pipa siku 30, baada ya hapo hakuna. `copy` haifuti kamwe upande wa pili.

---

Kasapa_TS – #9

Naunga mkono. Na kabla ya kufuta kwenye diski, hakikisheni:

`rclone check /media/diski/tayari wingu:TV --one-way`

Drive inatunza alama ya MD5 ya kila faili, kwa hiyo rclone inalinganisha yaliyomo bila kushusha kitu. Mkitumia usimbaji wa rclone (crypt), amri ni `rclone cryptcheck`, nayo inasoma kidogo toka juu.

Kuhusu crypt: inaficha majina na yaliyomo, ni nzuri kwa rekodi za familia zilizopita kwenye TV au za kanisa. Lakini nywila ikipotea hakuna anayeweza kukusaidia, hata wenye huduma. Nakili faili ya rclone.conf kwenye flash mbili, na andika nywila kwenye daftari la karatasi. Msiiweke kwenye wingu lilelile inalolifungua.

---

Bel_Air_Batri – #10

Kuhusu umeme, kwa namba.

Ruta ya 12 V inayovuta ampea 1 inakula wati 12. Batri ndogo ya 12 V 7 Ah, ile ya ondulere (kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa 220 V), ina wati-saa (Wh) 84, lakini batri ya madini ya risasi usiivute chini ya nusu, basi una Wh 42: karibu saa 3 na nusu kwa ruta peke yake. Ilishe ruta moja kwa moja kwa 12 V, usipitishe kwenye ondulere ya 220 V. Kugeuza 12 kuwa 220 halafu adapta irudishe 12 kunakula sehemu kubwa ya batri bila kazi yoyote.

Kwa mpango kamili: mashini ndogo wati 15, ruta 12, dekoda 10, jumla 37. Batri ya jeli ya 12 V 100 Ah inakupa Wh 600 za kutumia, ni saa 14 hadi 16 ukitoa hasara. Inatosha kurekodi jioni na kupakia usiku wote wa delestaji (mgao wa umeme). Kama unatumia laptopu kubwa ya wati 60, hesabu inaanguka. Raspberry Pi 4 inarekodi na kupakia vizuri kwa wati 5 hadi 7, ila usiibebeshe kazi ya kubana.

Diski ya USB ya inchi 2.5 kwenye Pi ichomekwe kupitia habu yenye umeme wake. Pi inatoa ampea 1.2 tu kwa matundu yote ya USB, na diski inapoanza kuzunguka inadai karibu yote. Ndipo mnasikia tik-tik na faili zinaharibika. Si diski mbovu, ni njaa ya umeme.

Na stabilizatere (kifaa cha kutuliza umeme) kwenye prizi ni lazima. Umeme unaporudi, pigo la kwanza ndilo linaloua adapta. Mkiwepo, zimeni swichi kwa mkono, washeni dakika 5 baada ya umeme kurudi.

---

Katuba_Net – #11

Na kwa wale wa Starlink, intaneti ya satelaiti? Tangu ARPTC (wasimamizi wa mawasiliano wa nchi) waipe leseni mwezi wa 5 mwaka 2025 watu wanauliza kama ndiyo suluhisho la kupakia.

Bel_Air_Batri – #12

Kwa kupakia inasaidia sana, Mb/s 10 na kuendelea ni jambo la kawaida, na ile mechi ya GB 6.6 inapanda kwa saa moja na nusu au chini ya hapo. Lakini sahani ya kawaida inakula wati 75 hadi 100. Iongeze kwenye 37 zangu, batri ya 100 Ah inakwisha ndani ya saa 5. Sahani ndogo (Mini) iko kati ya wati 25 na 40. Kwa kazi hii nachagua ndogo.

---

Mama_Rekodi – #13

Wapi kuweka, na bei. Vya bure: Google GB 15, na hizo zinagawanywa na Gmail na Photos, Mega GB 20, OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Msijaze akaunti ya Google mnayoitumia kwa barua: ikijaa, barua pepe zinaacha kuingia. Fungueni nyingine ya TV tu. Na muiingie walau mara chache kwa mwaka: akaunti ya Google isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo.

Kwa kulipa, Backblaze B2 inahesabu kwa unachotumia. Mwezi wa 10 mwaka 2023 bei ilipanda toka dola 5 hadi 6 kwa TB moja kwa mwezi, GB 10 za kwanza bure. Angalieni bei ya siku mnayojiandikisha. Kwa bei hiyo ya 2023, GB 500 za vipindi zilikuwa kama dola 3 kwa mwezi. Chagueni kituo cha Ulaya (Amsterdam) wakati wa kufungua akaunti, kwa maana baadaye hakihamishiki.

S3 Glacier Deep Archive ya Amazon ni karibu dola 1 kwa TB kwa mwezi, na watu wanaikimbilia kwa hiyo namba. Someni upande wa pili. Kutoa faili unangoja mpaka saa 12, au 48 kwa njia ya bei ya chini. Ukifuta kabla ya siku 180 unalipia siku zote 180. Kuishusha nyumbani ni karibu senti 9 za dola kwa GB baada ya GB 100 za kwanza za mwezi, yaani TB moja nzima ni dola 80 na zaidi. Ni mahali pa kitu usichotaka kukigusa isipokuwa nyumba imeungua.

Hizi za kulipia zinadai kadi ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya mtandaoni. Kadi ikiisha muda au ikikosa pesa, unapewa muda, halafu faili zinafungwa au kufutwa. Andikeni tarehe ya kadi kuisha kwenye daftari lile la nywila.

---

Katuba_Net – #14

Wengi hapa wanaweka Telegram au YouTube ya faragha. Kuna ubaya?

Ruashi_Linux – #15

YouTube ni ya kuonyesha, siyo ya kutunza. Inabana upya kila unachoweka; faili yako ya asili huenda usirudishiwe ilivyokuwa. Na mfumo wake wa kutambua hakimiliki unakagua hata video za faragha, kwa hiyo mechi inaweza kuzuiwa usiku huohuo.

Telegram inapokea faili ya mpaka GB 2 kwa akaunti ya bure, GB 4 kwa ya kulipia. Tuma kama faili, siyo kama video, la sivyo itabanwa. Hatari yake ni namba ya simu. Laini isiyojazwa inaweza kukatwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na akaunti inafuata namba. Kama nakala ya pili, sawa. Kama nakala pekee, hapana.

Na kwa huduma yoyote: hii ni nakala yako ya kutazama nyumbani. Usitoe kiungo cha hadharani cha kipindi cha wenyewe. Sheria ya hakimiliki ya 1986 bado ipo, na huduma zenyewe zinaweza kufunga akaunti nzima kwa kiungo kimoja kilichoshtakiwa, pamoja na picha za watoto wako zilizomo.

---

Kasapa_TS – #16

Kwa wenye kanda za VHS za enzi ya Zaïre: kanda nyingi za wakati huo ni SECAM (mfumo wa rangi wa Kifaransa). Deki ya PAL (mfumo mwingine wa rangi) ikizicheza inatoa picha nyeusi na nyeupe, watu wanadhani kanda imekufa. Tafuteni deki yenye SECAM, na kwenye programu ya kunasa chagueni SECAM, 720×576, picha 25 kwa sekunde. Kanda yenye ukungu mweupe pembeni msiiingize, itachafua kichwa cha deki na kanda zote zinazofuata. Naseni mara moja, kwa ubora mzuri, kisha bwdif na CRF 18, kwa kuwa chembe za VHS zinahitaji biti zaidi.

---

Mama_wa_Kenya – #17

Aksanti wote. Mimi niko Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Nimefuata mpaka hapa, rclone check haina kosa. Sasa nikitaka kutazama kipindi kwa simu toka Drive, kinasimama-simama, na mega zinaisha. Nifanyeje?

Fundi_Kamalondo – #18

Mama, kutazama faili ya GB 1.8 toka wingu ni kununua GB 1.8 kila mara unapoitazama. Tengeneza nakala ndogo ya simu kando ya ile kubwa:

`ffmpeg -i kipindi.mkv -vf scale=-2:360 -c:v libx264 -preset slow -crf 26 -c:a aac -b:a 64k -movflags +faststart kipindi_simu.mp4`

Kwa habari na midahalo inatoka MB 150 hadi 200 kwa saa. `+faststart` inahamisha ile orodha ya ndani toka mwisho wa faili hadi mwanzo, ili simu ianze kucheza bila kushusha faili yote. Ziweke kwenye folda ya "Simu", na jina liwe na tarehe kwanza: 2025-11-04_2100_habari.mp4. Mwaka kwanza, mwezi, siku, ndipo orodha inajipanga yenyewe.

Mama_wa_Kenya – #19

Na saa niandike ya Kinshasa au yetu?

Fundi_Kamalondo – #20

Yetu, mama. Kwenye majina yote, daima ya Lubumbashi.